Makundi ya nyota yaliyofichwa na vumbi yasakwa kwa infraredi

WAKULIMA wa Afrika Mashariki wamekijua Kilimia tangu kale. Jina lenyewe linatokana na kulima, kwani kuonekana kwa kundi hilo la nyota kuliashiria kuwadia kwa msimu wa kazi shambani. Kilimia huonekana kwa macho kwa kuwa kiko karibu, umbali usiozidi miaka ya nuru 450, na hakuna kizuizi kikubwa kati yake na dunia.

Makundi mengi ya aina hiyo hayana bahati hiyo. Hadi mwaka 2011 wanasayansi wa anga walikuwa wamegundua takriban makundi 2,500 katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, huku wakikadiria kuwa mengine yapatayo 30,000 huenda yamejificha.

Kinachoyaficha ni vumbi. Nyota huzaliwa kwa makundi ndani ya mawingu mazito ya gesi na vumbi, na zikiwa changa hubaki zimefunikwa humo. Chembe za vumbi hilo, ingawa ni ndogo mno, huzuia mwanga wa kawaida. Mionzi ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni, ina mawimbi marefu zaidi na hupenya kwa urahisi. Ni mionzi ya jamii ileile inayotumiwa na rimoti ya televisheni.

Ili kuinasa, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga, ESO, lilitumia darubini ya VISTA huko Paranal, nchini Chile, yenye kioo cha upana wa mita 4.1. Kamera yake, iliyokuwa na uzito wa karibu tani tatu, ilipozwa hadi nyuzi 200 chini ya sifuri, kwani kila chenye joto hutoa infraredi, kamera yenyewe ikiwemo.

Agosti 2011, timu iliyoongozwa na Jura Borissova wa Chuo Kikuu cha Valparaíso ilitangaza kugundua makundi mapya 96. Mengi yalikuwa na nyota kati ya 10 na 20 tu. Kuyatambua hakukuwa rahisi, kwani nyota zilizo mbalimbali huweza kuonekana kama jirani kwa sababu tu zimepangana katika mstari mmoja wa macho. Programu maalumu za kompyuta ziliondoa nyota zilizo mbele, ndipo zilizobaki zikahesabiwa.

Umuhimu wa kazi hiyo ni kwamba nyota za kundi moja ni kama watoto wa tumbo moja: zimezaliwa karibu wakati mmoja, kutokana na mawingu yaleyale. Zikitofautiana hatima, sababu kuu huwa ni uzito, kwani nyota nzito hufa mapema. Jua letu nalo, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, linaaminika kuzaliwa katika kundi ambalo baadaye lilitawanyika. Kwa hiyo, makundi mengi yakibaki mafichoni, historia ya asili ya Jua itaendelea kusimuliwa kwa ushahidi wa wachache.

Upigaji picha huo, ulioanza mwaka 2010, ulikamilika mwaka 2023. Septemba 2024, ESO ilitangaza ramani yenye vitu zaidi ya bilioni 1.5, iliyotokana na picha 200,000 zilizopigwa katika usiku 420. Darubini imemaliza zamu yake. Uchambuzi wa picha hizo bado ni kazi ya miaka mingi.