Ganzi inapogoma, usimwambie mwanao ajikaze

Mtoto ameshachomwa sindano ya ganzi. Mdomo ni mzito, ulimi mzito. Lakini daktari akigusa tu jino, anaruka na kulia. Wewe mzazi uliyekaa kando unasema, “Jikaze, si umeshachomwa ganzi!”

Usimkaripie. Huenda anasema kweli.

Jino lenye uvimbe ndani yake ni gumu kufa ganzi. Uvimbe huongeza asidi, na asidi huifanya dawa ishindwe kupenya vizuri kwenye mishipa ya fahamu. Mishipa yenyewe nayo huwa imechokozeka, inashtuka kwa jambo dogo. Magego ya chini ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu mfupa wake ni mnene. Daktari huchoma sindano nyuma ya taya, ili auzuie mshipa kabla haujaingia mfupani. Kwenye meno ya juu mfupa ni mwepesi, hivyo dawa hupita kwa urahisi.

Dawa nazo hazilingani. Lidokaini ndiyo iliyozoeleka, imetumika tangu miaka ya 1940. Artikaini hupenya mfupa vizuri zaidi. Tafiti kwa watu wazima zimeonyesha kuwa sindano ya kwanza ikishindwa kwenye gego la chini lenye uvimbe, kuongeza artikaini kwenye fizi kando ya jino husaidia kuliko kuongeza lidokaini. Hata hivyo, haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka 4, na si kila kliniki inayo.

Uchaguzi ni wa daktari, ila mzazi una kazi yako:

• Mweleze uzito wa mtoto, maana kiwango cha ganzi hupimwa kwa kilo. Taja pia pumu, ugonjwa wa moyo na mzio wowote.

• Kubalianeni kabla ya kuanza: mtoto akisikia maumivu anainua mkono, daktari anasimama. Kuhisi jino likisukumwa ni kawaida. Maumivu makali si kawaida.

• Akilalamika, uliza kwa upole: “Daktari, tunaweza kusubiri au kuongeza ganzi?”

• Mkirudi nyumbani, asile hadi ganzi iishe. Watoto wengi hujitafuna mdomo bila kujua, na kidonda chake huuma.

Mtoto aliyesikilizwa leo hatakusumbua siku ya kurudi kliniki. Aliyeshikwa kwa nguvu atakuficha jino likianza kuuma tena.