Nusura tiketi za Tanga ziishie kwenye kitabu

Wazazi wenzangu wa ughaibuni, mnajua akiba ya tiketi inavyowekwa: kidogo kidogo, mwaka hata miwili. Yangu nusura niimalizie kwenye duka la vitabu vya kale hapa Leipzig.

Kitabu chenyewe ni Also sprach Zarathustra cha mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, toleo la Insel, wakati huo wachapishaji wa hapa hapa, la mwaka 1908. Zilitolewa nakala 530 tu, kila moja na namba yake. Mapambo ni ya Mbelgiji Henry van de Velde, na herufi zilibuniwa na Georges Lemmen. Muuzaji alinifunulia taratibu: zambarau na dhahabu, michirizi ikijikunja kama mawimbi. Usitafute picha ya mtu wala mlima, ni nakshi tupu. Nilibaki mdomo wazi.

Bei? Tiketi zetu sote wanne, kwenda na kurudi.

Binti yangu, anayesoma falsafa chuoni, ndiye aliyenishika mkono. "Mama, sehemu ya nne aliichapisha kwa fedha zake mwaka 1885, nakala 40 hivi, maana alikosa mchapishaji." Mwaka 1889 Nietzsche akarukwa na akili, akafariki 1900. Fahari hii hakuiona.

Nilikirudisha, kwa shingo upande. Binti akaninunulia chenye jalada jepesi, euro chache, maneno yale yale. Nakisoma na kamusi pembeni, na sijafika mbali. Bibi yake, huko Tanga, ameshaanza kuhesabu siku za Desemba.