Kumsikiliza Mtaalamu wa Soko la Hisa: Tumuulize Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Ama ba'd:

Waislamu wengi siku hizi hujifunza uwekezaji kwa kusikiliza mahojiano ya wataalamu redioni na mtandaoni. Hilo ni jema, kwani katika Suratun-Nahl, aya ya 43, tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi katika tusiyoyajua. Lakini mtaalamu hujibu aliloulizwa. Akiulizwa faida ataeleza faida, na riba huenda isitajwe kabisa. Kwa hiyo tusiyaache maswali manne:

Kwanza: Kampuni inafanya biashara gani? Hisa za benki ya riba au kiwanda cha pombe hazifai, hata zikipanda bei kila siku.

Pili: Ina mikopo ya riba kiasi gani? Hapa wanazuoni wamekhitalifiana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilisema asili ni haramu kushiriki katika kampuni inayoamiliana na riba, japo shughuli yake kuu ni halali. AAOIFI, taasisi ya viwango iliyopo Bahrain, imeruhusu kwa masharti. Miongoni mwayo: mikopo ya riba isifike 30% ya thamani ya kampuni sokoni, pato la haramu lisizidi 5%, na fungu hilo la haramu litolewe. Mfano, kampuni yenye thamani ya shilingi bilioni 10 na mikopo ya riba ya bilioni 4 imefika 40%. Haifai kwa kauli zote mbili. Kampuni zilizomo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hutangaza hesabu zao, basi jibu linaweza kuhakikiwa.

Tatu: Msemaji analipwa na nani? Dalali hupata ujira wake ununuapo na uuzapo, upate faida au hasara.

Nne: Hasara ni ya nani? Mwenye hisa ni mshirika. Hupata gawio na hubeba hasara. Anayekudhaminia mtaji wako pamoja na faida maalumu, huo ni mkopo wa riba hata ukiitwa uwekezaji.

Mtaalamu wa soko atatupa takwimu, na mwanachuoni wa fiqhi atatupa hukumu. Mmoja hamtoshelezi mwenzake. Basi fedha za Hijja na mali ya yatima zisitolewe kwa mahojiano ya nusu saa.

Wallaahu a'lam.