Ndewe Zikishonwa, Je, Utasikia?

Nilipokuwa Tabora mzee mmoja mwenyeji wa Manyoni alinivuta kando. Ndewe zake zilikaribia kugusa mabega. "Mwanangu," aliniuliza, "wajukuu wananitaka nikashonwe masikio haya. Wakinishona nitasikia?"

Waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtu anayetakiwa kukatwa mwili wake ana haki ya kujua atakatwa nini.

Masikio kama yake yana historia katika njia ile ya misafara kutoka Bagamoyo. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 akielekea Kazeh, yaani Tabora, aliyataja kuwa alama ya Wagogo. Tundu hutogwa utotoni, likapanuliwa pole pole kwa vijiti na vipande vya kibuyu. Wengine walitia waya wa shaba, bidhaa iliyoletwa na misafara hiyo hiyo.

Basi nilimjibu hivi. Sehemu inayoning'inia ni ngozi na mafuta tu. Haina mfupa wala gegedu. Kusikia kunafanyika ndani, kuanzia kwenye kiwambo cha sikio, na kisu hakifiki huko.

Daktari huanza kwa kuchora kwa wino mahali atakapokata. Kisha huchoma sindano ya ganzi. Mgonjwa yu macho na anaweza hata kuzungumza. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapokosea. Ukingo wa tundu umefunikwa ngozi iliyokwisha kupona, na ngozi nzima haishikani na ngozi nzima, hata ukiifunga uzi mwezi mzima au ukiipaka gundi. Kwa hiyo daktari huchuna ukingo wote mpaka pabaki pabichi, huondoa nyama iliyozidi, kisha huunganisha na kushona mbele na nyuma kwa uzi mwembamba. Nyuzi hutolewa baada ya juma moja hivi. Anayejaribu haya nyumbani kwa wembe anatafuta usaha, na wembe wa kuazimana unaweza kuleta UKIMWI.

Masikio yaliyochomoza kama vishikio vya chungu ni kazi nyingine. Huko daktari hupasua nyuma ya sikio na kulikunja gegedu kwa nyuzi, na mtoto hulazwa usingizi kabisa. Kwa kawaida husubiriwa afike umri wa miaka mitano au sita, sikio likiwa limekaribia ukubwa wake. Baadaye hufungwa bendeji kichwani.

Hatari ninayotaka mjue hasa ni kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, liitwalo keloidi. Sisi watu weusi hulipata zaidi kuliko weupe, na ncha ya sikio ni mahali linapopapenda. Mwenye kovu la namna hiyo mwilini, au ambaye ndugu zake wanalo, amwambie daktari kabla ya kisu. Pengine atashauriwa aache.

Nilimwambia mzee pia kwamba nyama ikishakatwa hairudishwi, na kwamba masikio ni yake, si ya wajukuu. Alifikiri kidogo, akachomoa kikopo kutoka ndewe ya kulia, akanusa.

"Na ugoro wangu," akasema, "hao wajukuu watanibebea?"