Timu ya wakala wa Peugeot: ilivyopanda na ilivyoshuka

Mwenye pikapu ya kubeba samaki au nazi kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam haulizi gari lina mbio kiasi gani. Anauliza kama springi zitastahimili makorongo, kama vipuri vinapatikana na kama fundi wa jirani analijua gari hilo. Katika miaka ya 1960 wakala mmoja wa magari jijini Dar es Salaam alipata njia ya kuyajibu maswali hayo yote kwa mpigo mmoja. Aliingia katika mashindano magumu kuliko yote Afrika Mashariki, na akashinda.

Wakala huyo ni Tanganyika Motors, kampuni iliyouza magari ya Peugeot. Dereva Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Mara zote mbili alikuwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404, gari la saluni la injini ya lita 1.6.

Tangazo lisilolipiwa

Safari ilianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapokuwa yamekolea, na magari yalipambana na matope, mito iliyofurika na vumbi katika njia ya maelfu ya kilomita. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na hapo pia yakamaliza saba. Mshindi wa miaka hiyo miwili alikuwa Nick Nowicki, naye kwa Peugeot 404. Kwa hiyo gari la aina moja lilitwaa ushindi mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968.

Kwa mnunuzi wa kawaida, taarifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko tangazo lolote la gazetini. Gari lililoshinda lilikuwa ndugu wa lile lililosimama dukani, na barabara lilizozishinda ndizo barabara zake mwenyewe. Si ajabu kwamba Peugeot, au Pijo kama ilivyoitwa mitaani, ilikuja kuwa gari la kubebea abiria wa masafa marefu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Hesabu ya wakala nayo ilikuwa nyepesi. Karakana anayo, vipuri vimo ghalani, mafundi wako kwenye orodha ya mishahara. Gharama mpya ni kulitengeneza gari la mashindano, mafuta, matairi na siku za kazi zinazopotea. Akishinda, faida inarudi kwa mlango wa mauzo. Akishindwa, mafundi wamejifunza kifaa gani kinavunjika kwanza. Biashara ya namna hiyo hubeba hasara ndogo na kungojea faida kubwa.

Mtu binafsi pia aliweza. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wakawaacha washindani wao nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Upepo ulivyogeuka

Ushindi wa pili wa Shankland ulipatikana mwishoni mwa Machi 1967. Wiki saba hivi kabla, tarehe 5 Februari, lilitangazwa Azimio la Arusha. Mabenki yalitaifishwa, na mwaka huohuo likaundwa shirika la umma la biashara ya nje na ya jumla. Timu ilikuwa kileleni, lakini soko lililoilisha lilikuwa limeanza kubadilika. Gari la kifahari halikuwa tena jambo la kujivunia, na kadiri miaka ilivyokwenda kibali cha kuagiza na fedha za kigeni vikawa ndivyo vinavyoamua nani auze nini.

Pigo la pili lilitoka nje. Viwanda vya magari vilikwisha kuona thamani ya Safari, vikaja vyenyewe na fedha zao. Mwaka 1971 Datsun 240Z zilishika nafasi ya kwanza na ya pili. Shankland alikuwa wa tatu kwa Peugeot 504. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, lakini mshindi alikuwa Hannu Mikkola kutoka Finland kwa gari la Ford, dereva wa kwanza wa ng'ambo kushinda. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia. Tangu hapo karakana ya wakala mmoja ilikuwa ikishindana na bajeti ya kiwanda kizima.

Pigo la tatu lilikuwa mafuta. Bei ya dunia ilipanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974. Nchini Tanzania ilifika hatua magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katikati ya miaka hiyo Safari ilibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa. Uwanja wa maonyesho ulikuwa umehama. Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilirejea Kenya tu.

Funzo kwa mwekezaji

Timu hiyo haikuangushwa na dereva mbovu wala gari bovu. Ilisimama juu ya nguzo tatu ambazo hakuna hata moja iliyokuwa mkononi mwake: ruhusa ya kuagiza bidhaa, washindani wa kiwango chake, na njia inayopita mbele ya wateja wake. Nguzo zilipoondoka, vikombe havikuweza kuuza gari ambalo halipo dukani.

Mfanyabiashara anayeombwa leo kudhamini timu, iwe ya magari au ya mpira, anafaa kuuliza mapema: ushindi huu utauza bidhaa gani, bidhaa hiyo itakuwepo ghalani, na mnunuzi wake ataushuhudia? Jibu likikosekana, fedha hiyo ni ya starehe, na iandikwe hivyo katika daftari.