Orodha ya Mbegu na Bustani ya Masika



Bustani ya mboga haianzi siku ile ushikapo jembe. Huanzia mezani, miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, wakati ukaapo na kalamu, karatasi, na orodha ya mbegu mbele yako. Akosaye hapo mezani ni vigumu kuliponya kosa lake shambani, hata akiwa na mikono yenye nguvu na samadi tele. Kwa sababu hiyo waraka huu hausemi habari za kulima wala kupalilia. Wasema habari za kusoma, kuhesabu na kuchagua.

Niruhusu nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nalipata orodha ya mbegu iliyotoka ng'ambo, yenye picha nzuri sana. Katika ukurasa mmoja palikuwa na kitunguu kikubwa cha rangi ya dhahabu, na maneno mengi ya kukisifu. Mimi nalitazama picha tu, sikuyasoma maneno yote. Naliagiza mbegu kwa posta, kisha nikawashauri majirani watatu waagize nao. Mmoja wao alitoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ada ya shule ya mtoto wake.

Mbegu ziliota vizuri. Tukapandikiza miche, tukapalilia, tukamwagilia. Miezi mitano majani yalisimama mabichi na manene, lakini chini hapakuwa na kitunguu. Palikuwa na shingo nene tu. Yule jirani hakunilaumu. Aling'oa shina moja, akaniwekea mkononi, akaenda zake. Mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima.

Wenye orodha hawakutudanganya. Kila neno waliloandika lilikuwa kweli, lakini lilikuwa kweli ya nchi yao. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyesoma maneno ya nchi nyingine kana kwamba yameandikwa Lushoto. Nakuandikia ili wewe usilipe ada niliyomlipisha jirani yangu.

1. Orodha imeandikwa kwa nchi gani?

Desturi ya kuuza mbegu kwa orodha na posta ilikuzwa na watu wa nchi za baridi. Kampuni ya Suttons ya Reading, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1806. Na ile ya Burpee ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1876. Katika nchi hizo, mwezi wa Januari ardhi ni baridi, pengine imeganda kabisa, wala hakuna kazi kubwa ya bustani. Mkulima hukaa karibu na moto, akafungua orodha, akachagua mbegu atakazopanda Machi na Aprili, baridi iondokapo na miti ichipuapo. Ndiyo maana orodha hizo hurudia neno la Kiingereza "spring", yaani majira ya mchipuko.

Siku hizi makampuni ya Kenya na Tanzania nayo hutoa orodha zao, na nyingine husomwa katika simu. Hata hivyo mbegu nyingi za kabichi na karoti huzalishwa katika nchi za baridi, kwa kuwa mimea hiyo huhitaji baridi ya wiki kadhaa kabla ya kutoa maua. Basi hata pakiti uliyoinunua dukani karibu na kwako yaweza kuwa na maelezo yaliyofikiriwa mbali.

Sisi hatuzuiwi na ardhi iliyoganda. Kinachotuzuia ni maji. Mchipuko wetu ni masika. Kwa hiyo usomapo neno "spring", usiitazame kalenda ya Uingereza, bali ujiulize maneno mawili: Mvua yangu huanza lini? Na shamba langu liko juu kiasi gani?

2. Vitunguu na urefu wa mchana

Sasa sikiliza sababu ya hasara yetu. Kitunguu hakijazi chini kwa sababu ya umri wake tu. Hungoja pia urefu wa mchana. Aina za nchi za kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi. Katikati ya mwaka mchana wa London hupita saa 16, basi huko vitunguu hivyo hujaa vizuri. Lakini hapa Lushoto mchana mrefu kupita yote haufiki saa 12 na nusu. Kitunguu cha kaskazini hungoja ishara isiyokuja kamwe. Huendelea kutoa majani, nawe huendelea kutoa jasho.

Katika orodha, aina hizo huandikwa "long day", yaani za mchana mrefu. Ziache, hata picha ikiwa nzuri namna gani. Tafuta maneno "short day", yaani za mchana mfupi. Red Creole na Bombay Red ni za namna hiyo, nazo hupandwa sana katika nchi zetu. Orodha isiposema neno lolote juu ya mchana, usiagize kitunguu humo mpaka umeuliza.

3. Urefu wa nchi na joto

Kwa kila futi 1,000 upandazo mlimani, joto hupungua kiasi cha digrii 2 za Selsiasi. Kwa hiyo mtu wa Lushoto, aliye karibu futi 4,500 juu ya bahari, hana hali moja na mtu wa Tanga aliye pwani. Aina nyingi za kabichi hufunga vizuri mlimani, lakini katika joto la pwani hubaki majani matupu. Mbegu ya saladi ikiwekwa katika udongo wenye joto kali hulala bila kuota, ingawa ni nzima. Nyanya nazo hupenda joto, na palipo na baridi hukawia kuiva.

Tazama pia udongo wako. Karoti ya Nantes ni ndefu, yenye unene ulio sawa, nayo hutaka udongo mwepesi uliolimwa kwa kina. Chantenay ni fupi, nene juu na nyembamba chini. Hiyo huvumilia zaidi udongo mzito. Usichague karoti kwa urefu wa picha. Chagua kwa udongo ulioushika mkononi.

4. Hesabu ya siku

Karibu na jina la kila mboga utaona idadi ya siku, kama 60, 70 au 80. Watu wengi hukosea hapa. Kwa mboga zipandwazo pale pale zitakapokomaa, kama karoti na maharagwe, siku hizo huhesabiwa tangu kupanda mbegu. Lakini kwa mboga zianziazo kitaluni, kama kabichi na nyanya, kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kupandikiza miche shambani. Siku za kitaluni hazimo.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme mvua ya masika huwa imetulia kwako tarehe 20 Machi, nawe wataka kupandikiza kabichi ya siku 70. Miche hukaa kitaluni karibu siku 35; basi mbegu imwagwe kitaluni tarehe 13 Februari. Ukihesabu siku 70 kutoka 20 Machi, utafika 29 Mei. Ongeza wiki mbili kwa ajili ya ubaridi wa mlimani, nawe utavuna katikati ya Juni. Sasa rudi nyuma tena: mbegu zije kwa posta, zijaribiwe, kitalu kitengenezwe. Ni lazima barua yako ya kuagiza iondoke Desemba. Aagizaye wakati mvua imekwisha kunyesha ameagiza mbegu za mwaka ujao.

Kwa nyanya fikiri zaidi. Mvua nyingi pamoja na baridi huleta ugonjwa wa bakajani. Ukiwa na maji ya kumwagilia bondeni, panga siku zako ili matunda yaive mvua ikiisha.

5. Alama ndogo zenye maana kubwa

Ukiona alama F1, jua kwamba ni mbegu chotara ya uzao wa kwanza. Yaweza kuzaa sana, lakini ukikamua mbegu katika matunda yake, watoto hawatafanana na mama yao. Yakupasa kununua tena kila msimu. Kama fedha yako ni ndogo na wataka kujiwekea mbegu za nyanya au maharagwe, chagua aina isiyo chotara.

Baada ya jina la nyanya pengine utaona herufi V, F na N. V na F ni magonjwa mawili ya mnyauko yaletwayo na ukungu wa ardhini. N ni minyoo fundo itiayo vinundu katika mizizi. Herufi hizo maana yake aina hiyo huyastahimili mambo hayo. Hazisemi neno lolote juu ya bakajani.

6. Kiasi cha kuagiza

Mbegu ni ndogo, na macho hudanganyika. Pima kwanza shamba. Chukua kipande cha futi 30 kwa 20. Kabichi zikiwa katika mistari iliyoachana futi 2, na shina hata shina futi 1 na nusu, utapata mistari 10 yenye mashina 20, yaani kabichi 200. Gramu moja ya mbegu ya kabichi ina mbegu karibu 300. Basi gramu 2 zatosha, pamoja na zitakazokufa. Mtu anunuaye kopo la gramu 100 kwa kipande hicho amenunua mbegu 30,000, na nyingi zitamfia rafuni. Mbegu ya kitunguu hasa haikai. Baada ya mwaka mmoja hupoteza nguvu upesi.

Kisha jiulize: kabichi 200 zikikomaa wiki moja, nani atazila na nani atazinunua? Ni afadhali umwage kitaluni mara tatu, kila baada ya wiki mbili, ili upate cha kuuza kila siku ya soko.

7. Mbegu zikifika

Soma tarehe iliyo juu ya pakiti. Hesabu mbegu 50, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzitazame kwa siku 10. Karoti uzingoje hata siku 14. Zikiota 40, ni mbegu njema. Zikiota 25, mwaga mara mbili ya kiasi. Zikiota chini ya hapo, zirudishe kwa aliyekuuzia. Mbegu iliyotiwa rangi nyekundu, buluu au kijani mara nyingi imepakwa dawa yenye sumu. Usiile, wala usimpe kuku.

Ukitaka kuagiza kutoka nchi za nje, mwulize kwanza bwana shamba. Mbegu hizo hutakiwa kibali cha serikali na cheti cha afya ya mimea. Usidhani ni usumbufu wa bure. Uko ugonjwa wa kabichi uifanyao mishipa ya majani kuwa myeusi, nao husafiri na mbegu. Bahasha moja yaweza kuuleta bondeni kwenu, nao hautauliza ni nani aliyeagiza.

Mwisho

Usibadili shamba zima kwa ajili ya jina jipya. Panda aina uliyoizoea katika sehemu kubwa, na aina mpya katika tuta moja. Andika katika daftari jina, tarehe ya kumwaga, tarehe ya kupandikiza, tarehe ya kuvuna, na kiasi ulichopata. Baada ya misimu mitatu utakuwa na orodha yako mwenyewe, iliyoandikwa kwa mvua yako na udongo wako. Hiyo ndiyo orodha bora kupita zote, wala haiuzwi kwa posta.

Jirani yangu niliyemtaja hulima vitunguu hata leo. Msimu uliofuata tulipanda Red Creole pamoja, tuta moja tu, na mbegu nalinunua mimi. Vilijaa. Tangu siku hiyo kila apatapo orodha hunijia nayo jioni, akaifungua, akaweka kidole juu ya picha, akaniuliza: "Hii, Bwana Shamba, ni ya mchana wa nani?"

Nawe uulize vivyo hivyo kabla hujatoa fedha yako.