Kalamu Ndo Simu

Wasee wa base, skieni. Galaxy S25 Ultra ni tenje noma, hiyo hatubishani. Swali ni kama wewe ndo msee wa kuibeba, na jibu iko kwa kitu moja tu: kalamu. Ukiitoa daily, umeomoka. Ikilala kwa shimo yake mpaka simu izeeke, ulilipa ganji ya kujishow kwa mat. Hiyo ni kuchoma picha, tena kwa bei ghali.

Tuanze na bei, juu najua hapo ndo mmekwama. Samsung waliitoa Januari 2025, dola 1,299. Chapa na shilingi 129 kwa kila dola, unapata kama 167K. Hapo hujalipa kodi, hujanunua kava, hujanunua chaja. Maze! Bedsitter ya ngiri kumi unaishi mwaka mzima, unaongeza miezi minne, na chenji ya mutura inabaki. Mzae akiskia hiyo figa atauliza mbona hukununua ng'ombe. Mzae, ng'ombe haipigi selfi. Tusonge.

Saizi. Inchi 6.9 za skrini, gramu 218. Hii kitu ni kubwa, na vile inafaa. Skinny jeans ilizikwa, cargo na baggy ndo form, kwa hivyo mfuko iko. Skrini ni flati kabisa, na hiyo ndo siri watu hawaoni. S22 na S23 Ultra zilikuwa na kingo za kupinda, ukiandika mpaka mwisho wa laini kalamu inateleza nje. Tangu S24 Ultra hiyo ujinga iliisha. Unaandika mpaka pembe, mkono inatulia.

Sasa kalamu yenyewe. Wanaocheka kalamu walianza kitambo. Steve Jobs alipozindua iPhone 2007, alizikejeli simu za kalamu mbele ya watu. 2011 Samsung wakaleta Galaxy Note ya kwanza, inchi 5.3, dunia ikacheka tena, ati nani atabeba hiyo kitu kubwa. Leo inchi 5.3 ni simu ya mtoto. Na 2015 Apple wenyewe wakatoa Pencil ya iPad Pro. Jina ya Note iliisha na Note20 ya 2020, lakini 2022 S22 Ultra ikarudi na shimo ya kalamu, na tangu hiyo siku Ultra ndo Note. Masa anauliza unaandika na kalamu ya nini na una vidole kumi. Masa, kidole haichori nywele. Tusonge.

Finya mwisho wa kalamu, kwa kona ya chini kushoto. Klik. Inaruka kidogo, unaivuta. Hakuna betri ya kuandika humo ndani. Chini ya skrini kuna nyaya zinatoa nguvu ya sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili inaitikia. Ndo maana ukiishika juu ya kioo, hata hujagusa, kidoti kinakufuata. Ukikandamiza, laini inanona. Ukilegeza, inakonda. Inasoma presha ngazi 4,096, kwa hivyo mkono wako unajulikana venye iko.

Na kuna hii moja inamaliza mchezo. Simu imelock, skrini nyeusi. Vuta kalamu, andika hapo hapo juu ya giza. Hakuna kufungua, hakuna kutafuta app. Kange anakupigia kelele namba ya msee anauza spika, uko mlangoni mwa nganya, mkono moja kwa chuma. Andika, rudisha kalamu kwa shimo, note imejisave. Ni nani mwingine atakupea hiyo?

Kama unachora, usikuje hapa kuuliza. Wale mafundi wa graffiti za nganya wanaanza na skechi kabla rangi iguse bodi. Na hii, skechi unachapa ukiwa kwa stage, mteja anasema macho ya simba iwe kali zaidi, unarekebisha akiwa amesimama hapo. Kama unapiga gig za kandarasi, PDF inaingia, unasaini na mkono yako, unarudisha. Hakuna kukimbia cyber kuprint, kusaini, ku-scan, kulipa kila peji. Comrade wa engineering, diagram za lekcha unazichora live wakati wenzako wanapiga picha ya ubao kutoka nyuma na kichwa ya msee iko katikati.

Lakini nitawaambia ukweli hata kama Samsung watanuna: hii kalamu ya S25 walitoa Bluetooth. Kwa S24 Ultra unasimamisha simu, unarudi kwa mbogi, unafinya kitufe ya kalamu, picha imeingia, kila msee ako ndani. Kwa S25 hiyo imekufa. Itabidi uonyeshe kamera kiganja ndo ianze kuhesabu. Inafanya kazi, sawa, lakini msee amedunga drip safi akiinua mkono kama anaomba ruhusa kwa odijo? Zii. Simu mpya ghali haifai kukupea kidogo kuliko ile ilikuwa kabla yake.

Kamera iko juu. Megapikseli 200 kwa kubwa, na ile ya zoom mara 5 ina 50. Hiyo mara 5 ndo ya maana. Safari Rally kule Naivasha, gari linapita na vumbi, uko nyuma ya umati, unavuta na namba ya mlango inasomeka. Ile mara 100? Acha. Msee wa kutuonyesha mwezi kwa grupu ni msee hana plan ya wikendi.

Sasa aibu ndogo ndogo za kuepuka. Aibu ya kwanza ni chaja. Boxi inakuja na kebo tu, na Infinix ya bei ya kawaida inakuja na chaja yake ndani. Ukitaka ile kasi ya wati 45, nunua chaja ya 45 na kebo ya ampea 5. Ukitumia ile ya kuokota kwa stage, utangoja mpaka asubuhi. Mzae naye atakukumbusha kabambe yake inakaa wiki na chaji moja. Mzae, hata saa ya ukuta inakaa mwaka. Tusonge.

Aibu ya pili ni protekta ya soo mbili. Kioo ya hii simu imetengenezwa kupunguza mng'ao. Jua ya saa sita tao, wengine wanafunika simu na jaketi, wewe unasoma meseji umetulia. Ukibandika glasi ya bei rahisi juu, umeua hiyo kitu, na kidole inaanza kukataliwa kufungua simu. Umelipa 167K alafu umeifunika na glasi ya soo mbili. Nani alikutuma?

Aibu ya tatu ndo mbaya zaidi: clone. Kuna "S25 Ultra" za kuuzwa kwa bei ya sherehe moja, na zinakaa poa mpaka uziwashe. Kalamu ndo inawatoboa. Ishike juu ya skrini bila kugusa. Kidoti hakitokei? Hiyo ni kijiti. Rudisha. Piga pia *#06# na ulinganishe IMEI na ile ya boxi. Muuzaji akianza kuharakisha, wewe tembea pole pole.

Na ukishaibeba, kuwa mjanja. Dirisha ya mat ikiwa wazi kwa jam, simu ya inchi 6.9 inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ingia kwa settings, tafuta ulinzi wa Google dhidi ya wizi, washa ile ya kufunga simu ikinyakuliwa mkononi. Simu ikihisi imevutwa na mtu anahepa nayo, inajifunga yenyewe. Mzae atasema usibebe, ati Samsung zinalipuka. Mzae, hiyo ilikuwa Note 7, na ilitolewa sokoni 2016. Tusonge.

Form yangu ni hii. S24 Ultra. Inchi 6.8, titani, kioo pia ya kupunguza mng'ao, megapikseli 200 hizo hizo, betri ya 5,000 hiyo hiyo, na kalamu iko na Bluetooth. Samsung waliahidi apdeti za miaka 7, kwa hivyo hiyo inakupeleka mpaka 2031. Iko nzito kiasi, gramu 232, lakini bei imeshuka na picha ya mbogi unapiga kisawa. S25 Ultra ni ya msee anataka chip kali zaidi, anaedit video ndefu kwa simu, na hiyo doo haimgusi rent.

Na kama kalamu haikusemeshi kabisa, wacha Ultra zote. Chukua simu ya kawaida, ile ganji ingine nunua laptop ama lipia kozi. Hakuna mtu mtaani atakucheka kwa kuwa na akili.

So ukifika duka, kamera achia wengine. Uliza kama unaweza shika kalamu. Ivute, andika jina yako, chora kitu ya ujinga, saini venye utasaini kandarasi yako ya kwanza kubwa. Mkono ikikataa kuacha, lipa. Ikiachilia, sema asante na urudi base na doo yako yote.